Saa Mbili za Fundi

Mabinti wawili wa Fundi walimletea baba yao zawadi moja bila kuulizana: saa ya mkononi, ile isiyotaka betri, inayojitia ufunguo yenyewe kadiri mkono unavyotikisika. Ya binti mkubwa, karani wa benki, ilikuja kwenye kisanduku cha ngozi, na bei yake ingetosha kununua cherehani mpya. Ya kitinda mimba ilikuja kwenye mfuko wa nailoni. Fundi hakutaka kumvunja moyo hata mmoja, akavaa zote. Ya ghali kushoto, ya bei nafuu kulia.

Mkono huo wa kushoto ndio uliokuwa ukimnyima raha. Tangu augue kiharusi ulilala tu mapajani, na bila mkono wa kuongoza kitambaa, cherehani hugeuka pambo la sebuleni. Gauni la harusi la binti mkubwa alilishona yeye. La kitinda mimba aliliahidi, na harusi ilikuwa inakaribia. Hospitalini walimwambia auzungushe mkono kila siku. Akawajibu kwamba yeye si feni.

Siku ya pili, saa ya ghali ikasimama.

"Dada, umeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema kitinda mimba, akijikaza asicheke.

"Mimi? Na wewe uliyenunua saa kwa kilo?"

"Basi tuzibadilishe mikono, Baba, tuone."

Wakabadilisha. Ya ghali, ilipohamia kulia, ikatembea bila shida. Ya bei nafuu ikakata roho kushoto, na binti mkubwa akacheka mpaka akashika mbavu.

Fundi hakucheka. Kumbe saa zote zilikuwa nzima, mvivu alikuwa mkono. Hasira zikampanda kwelikweli. Mkono anaulisha, anauogesha, anauvisha saa, nao umejilaza tu.

Akairudisha ya ghali kushoto. Angeweza kukizungusha kile kitufe cha ubavuni ikatembea, lakini hiyo aliiona ni danganya toto. Akaushika mkono mvivu kwa ule mzima, akaanza kuubembeza kama mtoto. Baada ya majuma kadhaa ukawa unabembea wenyewe, kidogo kidogo, huku yeye akiutukana kwa sauti ya chini. Jirani wa ng'ambo ya barabara akadhani anapungiwa, naye akawa anapunga kila asubuhi.

Ndipo kitinda mimba alipokuja na picha ya gauni la kukodi. Alishakata tamaa, ila hakutaka kulisema hilo mbele ya baba. Akamkuta amesimama katikati ya sebule, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"La kukodi limeshavaliwa na nani na nani?" Fundi aliuliza. "Sogea hapa. Simama wima."

Mkono wa kulia ukaizungusha futi kiunoni mwa binti. Wa kushoto ukainuka polepole, ukitetemeka, ukaidaka ncha ya pili na kuileta mbele. Saa mbili zikakutana kitovuni pake, zote zikitembea, zote zikisema saa nne na robo. Kitinda mimba akaangua kilio cha furaha, mabega yakimtikisika.

"Acha kwikwi, mwanangu," alisema Fundi, na macho yake yenyewe yalishalowa. "Unaniharibia kipimo."