Tairi za Nyuma za Valerian

Mimi Abilahi Likwata, fundi wa magari hapa Kilwa Masoko, nina mdomo. Mke wangu anasema, wateja wangu wanasema, na mimi mwenyewe sikatai. Lakini spana nimeanza kuzishika enzi za Landrova za serikali, na mtu asiyejua jeki inakaa wapi hawezi kunifundisha kazi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Valerian siku ile.

Valerian alikuwa karani wa ushirika. Alipopunguzwa kazini, kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye gari moja la mtumba kutoka Japani, la aina ile inayovuta miguu yote minne. Miaka ile ndiyo kwanza milango ilifunguliwa, magari ya watu wa nje yakawa yanamwagika nchini, na kila aliyepunguzwa kazini alitaka kuwa tajiri wa usafiri. Yeye akawa anashusha abiria na machungwa kutoka Kipatimu kuja Masoko. Machungwa yakizidi, gari linakaa matako chini. Akaniletea.

"Dawa yake rahisi," nikamwambia. "Nyuma tunafunga tairi kubwa zaidi. Linainuka, kwisha habari."

Ndivyo tulivyozifanya Landrova zote zilizobeba mizigo vilima vya Umatumbi, na hakuna hata moja iliyolalamika. Valerian akazitazama zile tairi nilizotoa stoo, kisha akachungulia za mbele.

"Fundi, nyuma kubwa, mbele ndogo, na zote zinavuta. Hazitagombana?"

Loo! Karani huyo! Nikamkata palepale mbele ya wanywa kahawa wanaokaa nje ya gereji yangu.

"Bwana Valerian, kazi yako ilikuwa kuandika magunia ya korosho. Niachie spana zangu!"

Watu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, kwa adabu tu, akaondoka na gari lake limebinua nyuma kama jogoo.

Baada ya wiki mbili akarudi. Kwenye kona, anasema, gari linasita kana kwamba mtu kalishika breki, na sakafu pale katikati inapata moto, inanuka mafuta yaliyoungua. Sikuinama hata kutazama. Nikambadilishia mafuta ya giaboksi nikamwambia uendeshaji wake mbaya, gari anaendesha kwa woga. "Sawa, Fundi," akasema, akaenda zake.

Wiki ya tano likafia mlimani, nusu ya njia ya Kipatimu. Mlio mmoja, mafuta yakamwagika chini, basi. Likavutwa na lori mpaka kwangu, nami nikachukua siku kadhaa kabla ya kuligusa, nikijisemea kwamba karani keshaua gari.

Nilipolifungua, kile kisanduku cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma, meno yake yalikuwa yameungua mpaka yamegeuka buluu, mengine yamesagika unga. Woga hauunguzi chuma namna ile. Nikachukua chaki, nikatia alama tairi ya mbele na ya nyuma, nikalisukuma gari mpaka kila moja ikamaliza mzunguko mmoja. Ya mbele ilimaliza kwanza. Ya nyuma ikaenda shubiri nzima zaidi.

Shubiri moja kila mzunguko, Kipatimu hadi Masoko, kwenda na kurudi, wiki tano! Kwenye Landrova tulikuwa tunazilegeza za mbele kwa gia, zinabaki kuvuta za nyuma peke yake, hata ukifunga tairi za trekta hazigombani. Hili la Valerian halikuwa na gia ya kulegeza. Linavuta zote nne saa zote, na mbele na nyuma zilikuwa zinavutana mle ndani mpaka zikalimaliza. Mtu aliniuliza swali la maana, mimi nikamfanya kichekesho.

Nikazifuta zile alama kwa tambara. Nasema kweli, kuficha ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza.

Kesho yake asubuhi Valerian akaja, wanywa kahawa wamejaa kama kawaida.

"Fundi, nisamehe," akasema. "Ulinionya habari ya uendeshaji, sikusikia. Nimemwambia mama Klementi kwamba gari nimeliua mimi. Leo siku ya tisa hajanisemesha. Anapika, anaweka, anaondoka." Akajaribu kutabasamu, ikamshinda. "Nitafutie mtu wa vyuma chakavu. Narudi shambani."

Wallahi ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini yule bwana alikuwa ananiomba msamaha mimi!

"Hukuliua wewe," nikasema. Sauti ikatoka ndogo, nikairudia kwa nguvu ili wale waliocheka wasikie. "Nimeliua mimi, kwa zile tairi. Uliniuliza, nikakutukana."

Akakaa juu ya ringi, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani. Nikamwambia Lindi kuna gari bovu la aina ileile, kisanduku chake nitakwenda kukitoa mwenyewe, tairi nne za saizi moja juu yangu.

"Hilo baadaye," akasema. "Kwanza twende ukamwambie mama Klementi."

Tukapanda lori siku ileile mpaka nyumbani kwake. Mama Klementi, jina lake Benadetha, tulimkuta barazani anamenya muhogo. Alinikaribisha, sikukaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama, la swali, la kicheko, hata la tambara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. Akainuka, akajifuta mikono kwa khanga, akanipita, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Baba Klementi," akasema, "maji yako ya kuoga yamepoa. Ngoja nikupashie."