Niliandika "Anaacha"

Habari ilinikuta kwenye beseni. Tulikuwa wawili katika chumba cha kufulia cha hospitali, mimi na mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimwi. Akakamua shuka, akasema bila kunitazama, "Chuo cha bintiyo kinafungwa. Mwezi huu haushi, kufuli linapigwa."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wewe nawe! Watu ni watu. Kaa hapo usubiri."

Nikamwambia afunge mdomo, povu litamwingia. Lakini neno lile lilikuwa limeshaniganda. Nilifua nalo, nikaanika nalo, nikarudi nalo nyumbani. Binti yangu alikuwa anamaliza mwaka wa pili wa ufundi wa maabara, umebaki mmoja tu avae koti jeupe. Wakati huo alikuwa mbali, kwenye mafunzo ya vitendo. Nikampigia simu.

"Hata mimi nimesikia, mama," akasema. "Kuna chuo kingine kina kozi hiyo hiyo. Nikihama vizuri, wanapokea alama zangu zote, naingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Ila huku siruhusiwi kutoka mpaka wiki ijayo. Niandikie barua uwapelekee chuoni kwangu. Sema unaniombea uhamisho. Uhamisho, mama. Usiongeze chumvi."

Sasa nyinyi mnaosoma, jueni jambo moja. Siku nilipompeleka mwanangu kujiandikisha, msajili wa chuo kile aliniambia nisimame nje ya mlango kwa sababu gauni langu lilikuwa linachuruzika maji ya kufulia. "Sakafu imepigwa deki, mama sabuni," alisema, na makarani wakacheka. Kwa hiyo niliposhika kalamu, mkono ukakataa kuandika "naomba". Nimwombe yule? Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, na majirani huniletea barua zao niwaandikie. Nikajiona najua.

Niliandika hivi: *Kuanzia leo mwanangu anaacha chuo chenu. Asitafutwe.*

Nikaipeleka mwenyewe. Safari hii niliingia mpaka mezani, sikusimama mlangoni. Msajili akaisoma, akainua macho.

"Hii ndiyo barua unayotaka niipokee?"

"Ndiyo. Au kusoma kumekushinda?"

Muhuri ukashuka kama kofi, juu ya barua na juu ya nakala niliyobaki nayo. Nilitoka pale nimeinua shingo, mjinga mimi, kama niliyeshinda kesi.

Wiki iliyofuata binti akarudi, tukaenda chuo kipya. Mkuu wa masomo alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliouma. Aliligeuza faili la binti nililomkabidhi, akaisoma nakala yenye muhuri, akalifunga.

"Huyu hakuhama. Huyu aliacha."

"Kuna tofauti gani?" nikamuuliza. "Aliyetoka ametoka."

"Anayehama, mama, anakuja na alama zake. Anayeacha anakuja na begi lake."

Binti aliivuta ile barua, akaisoma. Sijawahi kuona uso wa mtu ukijifunga vile. Akaniuliza taratibu, "Nilikuambia neno gani?"

Nikamshika mkono tukarudi chuo cha zamani, saa ile ile. Tulikuta mafundi uani wanapaka rangi na magodoro yameanikwa juani. Nikamuuliza fundi mmoja kama ndiyo chuo kinafungwa.

"Chuo? Kinachofungwa ni bweni, mama. Kunguni! Wakimaliza kupuliza dawa linafunguliwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaingia kwa msajili, nikidhani binti yu nyuma yangu. Safari hii niliomba. Niliomba kwa magoti, mbele ya makarani wale wale. Nikamwambia nilikosea neno, ni neno moja tu, alibadilishe.

"Neno moja?" Akatoa barua yangu, akasimama, akaisoma kwa sauti chumba kizima kisikie. Alipofika mwisho akatua. "'Asitafutwe.' Basi sisi hatukumtafuta. Jina limefutwa, nafasi ina mtu."

"Mkosaji ni mimi, baba. Mtoto hajui lolote."

"Mtoto wako ana miaka ishirini na mbili. Ungemwacha aandike mwenyewe."

Hilo ndilo lililonichoma, maana adui yangu alikuwa amesema kweli. Nilitazama upande wa binti nipate wa kunitetea. Alikuwa amesimama nje ya mlango, pale pale nilipowahi kusimamishwa mimi, ila yeye alisimama kwa hiari yake. Hakutaka kuonekana wangu.

Njiani sikujua pa kuanzia. "Nilitaka kukulinda," nikamwambia.

"Ulitaka kumkomoa msajili. Mimi nilikuwa fimbo tu."

Alirudi chuo kipya, akaanza mwaka wa kwanza. Miaka miwili aliyokwishasoma ikaenda na maji. Anakaa benchi moja na watoto ambao bado wanauliza darubini inashikwa wapi, na yeye alikwishasoma damu za wagonjwa wa kweli. Nikimpigia anapokea. Anajibu "ndiyo" na "hapana". Alipokuja likizo alitandaza fomu zake mezani, nami nikasogea niangalie. Akaweka kiganja juu ya karatasi. "Ukiona fomu yangu, mama, pita kama hujaiona."

Nikapita.

Hii nimeiandika kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake anataka kuhama chuo. Epuka haya:

Usihamishe mtoto kwa habari ya kwenye beseni. Nenda chuoni ukaulize kwa miguu yako.

Usiandike "anaacha" unapotaka kusema "anahama".

Usiandike barua yoyote ukiwa na hasira na atakayeisoma.

Usipeleke karatasi kabla mtoto mwenyewe hajaisoma, hata akiwa mbali.

Usikubali muhuri upigwe kabla hujauliza muhuri huo unamaanisha nini.

Usimtoe chuo cha kwanza kabla cha pili hakijampokea kwa maandishi.

Usiseme "ni neno moja tu".