Kitanda cha Dirishani

Mume wangu aliendesha malori kwenda pwani kwa miaka mingi na hakuwahi kukanyaga maji ya bahari. Ukimuuliza kukoje kule, alikueleza geti la bandari, foleni ya geti la bandari, na choo kibovu kilicho nyuma ya geti la bandari. Alikuwa anashusha mzigo, anapakia mwingine, anageuza. Madereva wenzake walimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo, akishawasha gari huyo mpaka nyumbani. Kwa hiyo aliposema anataka likizo ya ufukweni, nchi jirani, tena katikati ya kiangazi shule zikifungwa, sikushangaa. Nilimwambia tu kwamba kama angepata wazo hilo figo zikiwa bado nzima, angenipunguzia kazi.

Alicheka sana. Tulikuwa tumeshafika pale ambapo figo zake zilikuwa mzaha wa nyumbani kama upara wa mtu.

Mtu anayesafishwa damu kwa mashine hafungi virago akaondoka hivi hivi. Mara tatu kwa wiki ni lazima alale karibu na ile mashine kuanzia asubuhi mpaka mchana, mkono umechomwa sindano mbili nene, damu inatoka huku inarudi kule. Akikosa mara moja anavimba. Akiendelea kukosa, anakufa. Kupandikizwa figo nyingine madaktari walishakataa, walisema moyo wake hautahimili kisu. Kwa hiyo kabla ya hoteli, kabla ya basi, kabla ya kujua utavaa nini, unatafuta mashine.

Niliitafuta mimi. Nashona mapazia, nina chumba changu cha kazi barabarani, na kwa muda mrefu mapazia ya watu yalilala sakafuni huku mimi nikiwa na simu sikioni. Hospitali moja ya pwani ilisema mashine zimejaa. Nyingine ilisema mashine ipo ila mtaalamu wake ameenda likizo, nikawajibu kwamba hata sisi tunajaribu. Mwishowe hospitali ndogo, si mbali na ufukwe tuliokuwa tukiutaka, ilikubali kumpokea kwa wiki nzima. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilitangaza habari hiyo mezani kama mtu aliyefunga bao, na mume wangu akaniambia, "Hongera, bosi," akainamia sahani yake.

Binti yetu ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Tulimwita Askari, na jina hilo alilistahili. Figo zisipofanya kazi maji hayatoki, kila unachokunywa kinabaki mwilini mpaka kinapanda kwenye mapafu. Kila asubuhi kabla ya shule alimpimia baba yake maji kwenye chupa moja, na hayo ndiyo ya kutwa nzima: ya chai, ya dawa, ya kiu. Hana simile yule mtoto. Baba yake alimbembeleza, akamhonga, akajitia mgonjwa zaidi, wapi. Siku moja alimfumania bafuni ananyonya bomba, eti ananawa uso, na hakumsemesha mpaka siku ya pili.

"Kule ni joto, mama," aliniambia. "Atataka kunywa kila saa. Nitampa nini?"

Sista mkuu wa wodi ya mashine naye alisema hivyo hivyo. Alituambia kumpeleka mgonjwa wa figo pwani wakati wa kiangazi ni kumtafutia mateso ya bure, tungoje miezi ya baridi. Akamwonya na kuhusu madafu, kwamba kwake yeye dafu ni sumu, lina madini yanayoweza kuusimamisha moyo.

"Basi nitaliangalia tu," mume wangu akasema. "Lakini nataka joto, sista. Kwenye hiyo mashine yenu nimepigwa baridi ya kutosha."

Hivyo tukaendelea kupanga. Jioni tulikaa watatu kwenye kochi, Askari katikati na simu yake, tukichagua hoteli. Mume wangu alikataa zile zenye mabwawa ya kuogelea, akasema hawezi kusafiri kote huko akaoge kwenye karai. Alitaka chumba cha chini, mlango ukifunguliwa mtu atoke moja kwa moja mchangani. Tulikipata. Nilimnunulia kaptura, ya kwanza tangu atoke shule ya msingi, akaivaa akatembea nayo sebuleni na vile vimiguu vyake vyembamba, tukacheka mpaka machozi. Nilikuwa na furaha. Ninalisema hilo kwa sababu baadaye nilijiona mjinga kwa furaha ile.

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda wodini kuchukua majibu ya vipimo vyake, yale ambayo hospitali ya pwani ingeyahitaji. Kwenye korido kuna benchi refu wanakokaa wanaosubiri nafasi, maana mashine ni chache na kila kitanda kina wenyewe. Mpya haingii mpaka wa zamani atoke, na sote tunajua wa zamani hutokaje. Mwanamume mmoja alisimama akanifuata. Mikono yake ilikuwa na madoa ya moto, nikajua ni fundi wa kuchomelea. Nilikuwa nimemwona pale mara kadhaa na mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, anakuja na uso umemjaa maji, anaondoka hivyo hivyo.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, hatuna la kuwalipa. Mungu ndiye atakayewalipa."

"Kulipa nini?"

"Kitanda. Mzee ametuachia kitanda chake cha dirishani. Mke wangu ataanza mkishasafiri."

Nilimwelewa kwa namna yangu. Nikaona ni wema wa kawaida wa mume wangu, kitanda kisikae bure wiki nzima wakati watu wanateseka.

"Hilo ni jambo zuri," nikamwambia. "Tukirudi mtatupisha."

Yule fundi alinitazama, kisha akamtazama mke wake kwenye benchi. Aliuachia mkono wangu polepole.

"Mama, sista alituambia ni moja kwa moja," alisema. "Samahani. Nilidhani mnajua."

Niliingia ofisini kwa sista bila kubisha hodi. Aliponiona tu akainuka akafunga mlango.

"Alisema mmekubaliana nyumbani," alisema.

"Tumekubaliana hoteli."

"Mama, kaa."

"Sikai. Kirudishe kitanda."

Alinieleza akiwa amesimama, kwa kuwa na mimi nilikataa kukaa. Mume wangu alikuwa ameomba kuacha mashine. Daktari alimketisha zaidi ya mara moja, akamweleza kwamba baada ya kuacha hatapata muda mrefu, pengine wiki moja au mbili, na mume wangu akajibu kwamba hiyo ni likizo tosha. Ana akili zake timamu, na hakuna wa kumfunga kwenye mashine kwa nguvu.

"Akija mwenyewe kesho akaniambia amebadili mawazo, kitanda ni chake, nitazungumza na yule mwalimu," sista alisema. "Lakini aje yeye. Wewe siwezi kukupa."

Nilipotoka nilipita mbele ya benchi bila kumtazama yule mwalimu. Ana watoto wadogo, nilijua. Hata hivyo, kama ningeambiwa nimtoe pale kwa mikono yangu ili mume wangu abaki, ningemtoa, na usingizi ningeupata.

Nyumbani nilimkuta sebuleni, miguu juu ya kigoda, ile kaptura imekunjwa juu ya begi. Alinisoma uso, akazima redio.

"Umekutana na fundi," alisema.

"Mgeni umemgawia kitanda. Mimi umeniachia nini?"

Nilimwuliza kuhusu hospitali ya pwani, akasema alishawapigia kuwaambia haitahitajika. Zile simu zangu zote, mapazia yote yale yaliyochelewa, wateja niliowadanganya.

"Nilikuwa nakusikia unavyohangaika," alisema. "Kila simu nilitaka kukwambia uache. Halafu nikawaza, tukifika kule kwanza. Tucheke kidogo kwanza."

"Ungeniambia mchangani?"

"Sikupanga vizuri hapo."

"Hukupanga kabisa, baba watoto."

"Siku ya mashine nimelala," alisema. "Siku inayofuata nimechoka kwa sababu ya mashine. Inayofuata ni ya mashine tena. Nimekuwa mzigo. Napakiwa, nashushwa, napakiwa. Ninaishi saa ngapi?"

"Sasa hivi unaishi. Unabishana na mimi."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Nilipiga magoti mbele ya kigoda chake, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti, nikamwomba aende kesho kwa sista. Nilimwambia nitamfukuza mwalimu mimi mwenyewe, lawama zote nitabeba. Nilimwambia nitaongea na Askari amwongezee maji. Nilimwambia mambo mengi ya kipumbavu. Aliniwekea mkono kichwani, ule mkono wenye mishipa iliyovimba kwa sindano, nikaisikia damu inavyovuma ndani yake kama friji.

"Nitafikiri," alisema. Tumeishi pamoja muda wa kutosha kujua "nitafikiri" yake ina uzito gani, lakini niliishika kwa mikono miwili.

Kisha akaelekeza kidevu jikoni, ambako binti yetu alikuwa anagongagonga vyombo.

"Na huyu? Nilidhani wewe ndiye utakayemwambia. Wewe unajua kusema naye."

Hapo hasira ilinipanda hata miguu ikapata nguvu nikasimama. "Kitanda umekigawa peke yako," nikamwambia. "Hili nalo litoke kinywani mwako."

Nikamwita Askari.

Alikuja na chupa ya chai, ile kubwa ya kutunza joto, uso unang'aa. Alikuwa amegundua kwamba inatunza na baridi. Angeijaza vipande vidogo vya barafu, akaeleza, baba awe anamumunya kimoja kimoja pale ufukweni, kiu inakatika na maji yenyewe ni kidogo sana. Alikuwa ameshajaribu na kupima.

"Kaa hapa, mwanangu," baba yake akasema.

Alimwambia. Hakuzunguka mbuyu wala hakujificha nyuma ya madaktari, hilo nampa. Alisema amechoka, alisema ataacha, alisema kuacha maana yake nini. Mtoto alimsikiliza ameikumbatia ile chupa kifuani.

"Uliamua lini?" aliuliza.

"Kabla hatujaanza kutafuta hoteli."

"Na mimi nikawa nakupimia maji."

"Ndiyo."

"Jana uliniomba funda moja. Ulisema ulimi umekauka."

"Ulifanya sawa kuninyima."

"Nilikunyima bure, baba."

Nilitaka alie, ili nami nijue la kufanya, lakini aliiweka chupa sakafuni akaenda jikoni. Tulisikia bomba likifunguliwa. Alirudi na ile glasi ndefu ya wageni, imejaa mpaka mdomoni, anatembea polepole isimwagike, akampa baba yake mkononi. Kisha akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti lake.

Mume wangu aliitazama ile glasi. Alinitazama na mimi, na mimi nikatikisa kichwa. Nilikuwa namwomba. Kama angeirudisha, kama angesema hapana mwanangu, bado nina mashine kesho, ningemsamehe yote, na fundi, na simu, na uongo wa kwenye kochi.

Akainywa. Alifumba macho akainywa yote bila kupumua, koo lake likipanda na kushuka, na nikaona jinsi yanavyomwingia na jinsi alivyokuwa ameyatamani. Nikajua kwamba kesho hatakwenda kwa sista. Alipomaliza alifuta mdomo, akamrudishia mtoto glasi, akamwomba nyingine.