Maumivu Yasiyoonekana Kwenye Picha

Verediana alikuwa mwanika dagaa ufukweni Kibirizi, na kwa miaka sita aliumwa chini ya kitovu. Alitibiwa mkojo mchafu mpaka akavikinai vidonge. Alipigwa picha za tumbo mara nne, na kila mara akaambiwa hakuna kitu. Kuinama kugeuza dagaa kulimuuma, bodaboda ilimuuma, na kulala na mumewe ndiko kulikomtoa machozi.

Safari ya mwisho daktari alimwambia, "Mama, punguza mawazo," kisha akaita mgonjwa mwingine.

Verediana alitoka akifoka. "Mawazo! Kwani niliyanunua sokoni, niyarudishe?"

Muuguzi mmoja, Winfrida, alimsikia akamkalisha pembeni. "Maumivu yako ni ya kweli, dada. Ila mtu akiishi na hofu, misuli ya nyonga hujikaza kama ngumi, na ikijikaza inauma zaidi. Vuta pumzi tumbo lijae, itoe taratibu. Halafu tazama ni mzigo gani unaoweza kuutua."

Verediana alijaribu nyumbani kwake Gungu, kwenye mkeka. Siku ya kwanza aliitwa kabla hajavuta pumzi ya tatu. Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mama mkwe alimkuta kajilaza.

"Mchana kweupe? Mimi nimezaa tisa, sikuwahi kulala hivyo!"

Verediana alikunja mkeka, meno yameumana. Maumivu yalizidi mpaka jioni.

Jumapili ndugu wa Gervasi, mumewe, walikutana kupanga harusi ya wifi yake, Merina. Mama mkwe hakuuliza mtu. "Mapishi ni ya Verediana, kama kawaida."

"Mama, unisamehe, safari hii siwezi," Verediana alisema. "Nikisimama jikoni kutwa, wiki nzima sinyanyuki. Nimeficha miaka sita. Nimechoka kuficha."

"Ugonjwa gani huo usioonekana kwenye picha?"

"Huu nilio nao mimi."

Ndipo Gervasi akakohoa. "Mama, anaumwa kweli. Mimi najua. Tutafute wapishi wengine."

Mama mkwe aliondoka bila kuaga. Verediana alitarajia kufurahi, lakini hasira ilimgeukia mumewe.

"Kumbe ulijua! Mbona ulinyamaza muda wote huo?"

"Niliona aibu kusema mambo ya chumbani mbele ya watu."

"Aibu yako ndiyo niliyoibeba mimi," alimjibu, akaingia chumbani na mkeka wake. Alivuta pumzi, akalia, akavuta tena. Hakuna aliyemwita.

Harusi ilipikwa na wengine, na chakula kilitosha. Mama mkwe alinuna mwezi mzima. Maumivu hayakwisha, zipo siku yanamrudisha nyumbani kutoka Kibirizi saa tatu asubuhi. Lakini zipo nyingine anageuza dagaa mpaka adhuhuri, na akisema ameshindwa, Gervasi huchukua ufagio wa kugeuzia dagaa na kuendelea mwenyewe, watu wakimtazama.