Jina Linaloandikwa Kortini

Mimi ni Najla Disuqi, wakili mwanagenzi hapa Tanta, na kwa miaka miwili kortini nimekuwa mwanamume wa miaka sitini na moja mwenye kisukari. Bosi wangu, Wakili Shafiq Bahnasi, haamki kabla ya saa tano asubuhi. Korti inaanza saa tatu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayesimama mbele ya hakimu na kusema, "Bahnasi, yupo," naye karani anaandika Bahnasi. Ndivyo wanagenzi wote tunavyofanya, kwa kuwa hati ya uwakilishi ina jina la bosi. Nilidhani hiyo ndiyo adabu. Mjinga mimi.

Jumatatu nilipeleka maombi katika chama cha mawakili, niingizwe kwenye daftari la mawakili kamili. Bwana wa dirishani akapekua nakala zangu za mashauri.

"Hizi za nani, ustadha?"

"Zangu."

"Zinasema Bahnasi."

"Aliyesimama ni mimi."

Akacheka, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonikera. "Niletee hata shauri moja lenye jina lako kabla ya Alhamisi, faili lisifungwe. Ukikosa, unaanza miaka miwili upya."

Bahnasi naye nilimkuta anakunywa chai, na kisukari chake hicho, vijiko vinne vya sukari.

"Jina lako lina haraka gani, binti?" aliniuliza. "Mimi nilimbebea bosi wangu mkoba miaka mitano, na nani alinisikia nikilia? Keshokutwa kuna shauri la Mama Wahdan. Sema jina langu, ukae. Usiniletee mambo."

Mama Wahdan ni mjane. Mwenye jengo alitaka kumtoa kwenye nyumba aliyoishi na marehemu mumewe miaka thelathini. Utetezi wake niliuandika mimi, kurasa kumi na moja, Bahnasi akatia sahihi bila kuusoma. Jumatano hiyo mama alinisubiri mlangoni mwa korti na mkate wa falafeli uliofungwa kwenye gazeti.

"Kula, mwanangu, usije ukaniangukia mbele ya hakimu."

Shauri likaitwa. Nikasimama.

"Najla Disuqi, kwa niaba ya Wakili Bahnasi."

Karani, Mzee Bakhit, akasimamisha kalamu. Hakimu akainua kichwa.

"Una hati?"

"Hati ina jina lake, Mheshimiwa. Mimi nimekuja badala yake."

"Barua ya kukutuma iko wapi?"

Sikuwa nayo. Wakili wa mwenye jengo akaruka kama aliyeketi juu ya msumari. "Basi mama huyu hana wakili, Mheshimiwa! Utetezi usipokelewe, hukumu itolewe leo hii."

Hakimu yule alikuwa ameniona nikijiita Bahnasi labda mara thelathini, na hata siku moja hakuuliza masharubu yangu yako wapi. Nilipotaja jina nililopewa na baba yangu, ndipo akataka karatasi. Nilitamani kupiga kelele.

"Nina mashauri arobaini leo," akasema kwa uchovu. "Wakili Bahnasi yupo au hayupo?"

Mama Wahdan akanivuta mkono wa joho. "Kuna nini, mwanangu? Wananitoa?"

Nilimchukia. Sitaficha, kwa muda mfupi nilimchukia yeye, nyumba yake na mkate wake. Niliiona Alhamisi, nikaiona na miaka miwili mingine nyuma yake. Mzee Bakhit alikuwa akinitazama huku kalamu yake ikingoja.

"Yupo," nikasema.

Akaandika. Utetezi ukapokelewa, na kabla ya adhuhuri hukumu ikasomwa: mama asiguswe, nyumba ni yake hadi mwisho wa maisha yake. Hakimu alisoma sababu zake neno kwa neno kutoka ukurasa wangu wa saba.

Mama Wahdan alipiga vigelegele ukumbini hadi askari akamwomba anyamaze. Akanikumbatia, akanibusu mashavu yote mawili, machozi yakimtoka.

"Mungu amzidishie umri Wakili Bahnasi!" alisema. "Yule ndiye wakili! Na wewe, mwanangu, bado unasoma?"