Kamba ya Mama Evarista

Aibu hii nimejitafutia mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Dastan alizama bwawani huko Kilolo alipokwenda kunasua bomba la pampu ya kumwagilia. Siku ya tatu nikaitwa mimi, Kalinga wa Kihesa, kwa kuwa nilisomea kuzamia Tanga na picha zangu za mtandaoni si mchezo. Kaburi lilikuwa halijachimbwa. Kwetu hatuchimbii mtu ambaye bado hatujamwona.

Nilifika asubuhi na vikorokoro vyote, mbali na mtungi wa hewa: kisu cha mguuni, tochi mbili, kamera ya kichwani, kompyuta ya mkononi ya kupimia kina, kibao cha kuandikia chini ya maji, na honi ya kumwitia mwenzangu, ingawa sikuwa na mwenzangu. Nilivipachika polepole ili watu waone. Mama Evarista, mama mzazi wa Dastan, akanisogelea na kamba ya katani aliyoifungua shingoni mwa ng'ombe.

"Mwanangu, jifunge hii. Na wewe una mama."

Nilitabasamu, nikamwambia wataalamu hatuzamii na kamba za ng'ombe.

Chini, tochi zilimulika tope tupu. Kompyuta iliniambia niko mita sita, haikuniambia niko wapi. Kibao nacho, niandike nini, asome nani? Mara kamera ikanasa kwenye mti uliozama, na honi ikanasa pia. Hofu ikanivaa. Nilikata kila kilichoning'inia. Kumbe kisu kilifaa, kwa kuviondoa hivyo vingine. Niliibukia kwenye matete nikilia mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama Evarista alikuwa bado ameishika ile kamba. Nilijifunga nikitazama chini, uso sina. Alikataa kumwachia mtu mwingine ncha ya pili. Tulikubaliana kwamba nikivuta mara tatu, nimempata.

Nilipapasa tope kwa nusu duara, kamba ikiwa imekaza, nikasogea mbele kidogo, nikarudi tena. Mzunguko wa nne, mkono wangu uligusa shati.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mama huyu angekuwa na mwanawe tangu asubuhi.

Nilivuta mara moja. Nikavuta ya pili. Ya tatu mkono ulikataa.

Nikiwa nimeduwaa gizani, kamba ilitikisika. Ya tatu aliivuta mama.