Mti wa Maziwa

Hakuna aliyemwita Justa katika safari ile. Mama aliyezoea kuwapikia wageni wa Evarist alipata msiba Mahenge, akaondoka alfajiri, na wageni walikuwa wameshaamka kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stendi ya Ifakara. Evarist akasema atanunua chakula kwa mama lishe yeyote huko Mang'ula, mambo yaishe.

"Mume wangu," Justa akamwambia, "watu wametoka Dar wakisikia sifa za mchele wa Ifakara, leo ukawalishe kiporo?"

Akajifunga khanga kiunoni, akapika wali, kambale mkavu wa nazi na mchicha. Alipomaliza hakumkabidhi mumewe zile hotipoti. Alizibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, ile Noah, akajibana kiti cha nyuma kabisa.

"Unakwenda wapi?" Evarist akauliza.

"Kupakua chakula. Mwaka wa pili huu unatembeza watu, na mimi mkeo sijawahi kukuona kazini."

Evarist akamtazama Mahmoud, dereva wake. Mahmoud akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Wageni walikuwa wanawake watano wa Temeke, wa kikundi kimoja cha kufaana katika shida na raha. Kiongozi wao aliitwa Mwanamkasi, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuongoza sherehe. Kituo cha kwanza kilikuwa kanisa la zamani la misheni. Mwanamkasi, ingawa ni Mwislamu, alijifunika mtandio vizuri akaingia pamoja na wenzake. Mlangoni Evarist akawatambulisha watu wake: "Huyu Mahmoud, dereva. Na huyu dada Justa, mpishi wetu wa leo."

Mpishi. Justa akacheka kidogo, akidhani ndiyo adabu ya kazi, kwamba mtu haleti mambo ya chumbani mbele ya wageni. Akakaa benchi la nyuma akasikiliza. Na kusema kweli, alisikia fahari. Huyu mwanamume ambaye nyumbani maneno yake yalikuwa "chumvi" na "mlango umefunga?" alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliwaeleza wageni juu ya matofali yaliyochomwa kwa mkono na kengele iliyobebwa na watu mabegani, na alipofika mahali pa huzuni alishusha sauti mpaka wale wanawake wakainamisha vichwa kumfuata.

Mtoni ikawa hivyo hivyo. Waliteremka chini ya daraja la Kilombero, wakapanda mtumbwi, wakaona viboko wakipuliza maji, na waliporudi ukingoni Evarist akawasimulia enzi za kuvuka kwa pantoni, mtu anafika na gunia lake la mpunga akakuta foleni mpaka jua linazama. Wageni wakacheka, wakapiga picha. Justa, amekaa ukingoni na hotipoti zake, akajisemea moyoni: kumbe nimeolewa na mtu mwenye kipaji.

Wakageuza gari kuelekea milimani. Walipopita Kiberege, Evarist akageuka kiti cha mbele akasema, "Jamani, pale Kisawasawa leo hatutasimama. Njia imeharibika. Tunakwenda moja kwa moja mlimani Mang'ula."

"Hapana, kaka!" Mwanamkasi akapaza sauti. "Kisawasawa ndiyo tumeijia. Wenzetu waliokuja mwezi uliopita wametusimulia wakilia. Tupeleke kwenye ule Mti wa Maziwa. Kama njia mbaya tutatembea kwa miguu."

"Hata kwa magoti," akadakia mwenzake.

Evarist akarudi kukaa mbele. Justa aliyatafuta macho ya Mahmoud kwenye kioo cha juu. Mahmoud akayakwepa.

Mti wa Maziwa. Justa alizaliwa Kisawasawa, akakulia Kisawasawa, na hakuwahi kusikia mti wa jina hilo. Alijua mkuyu mmoja tu, ule ulio nyuma ya mashamba ya ukoo wao, mguuni mwa milima ya Udzungwa. Ndipo bibi yake, marehemu Odilia, mjane wa katekista na mtu asiyekosa misa, alipokuwa akienda kumwaga unga na togwa mvua zinapochelewa, kisha Jumapili anakomunika bila wasiwasi. Mahali pale hapakuwa pa wageni. Hata wakwe hawakupelekwa.

Justa alimpeleka Evarist mara moja tu. Mtoto wao, Fulgensi, alikuwa amekufa kwa homa, hajaota hata jino la pili. Walikwisha kumzika, waombolezaji wametawanyika, lakini maziwa ya Justa hayakuwa na habari ya kifo. Yalijaa, yakauma, yakalowesha nguo. Siku moja, wakiwa Kisawasawa, akatoka akashika njia, Evarist akamfuata, mpaka kwenye mkuyu wa bibi. Akapiga magoti, akakamulia maziwa kwenye mizizi. "Bibi," akasema, "mnyonyeshe wewe huko." Hakuna aliyemfundisha. Haikuwa desturi ya Wapogoro wala Wandamba. Ni uchungu wake ndio uliomwelekeza. Evarist alisimama pembeni amemshikia khanga asije akapita mtu akamwona, na yeye pia alikuwa analia. Wakati wa kurudi Justa alimwambia, "Hili ni letu." Evarist akaitikia, "Ni letu."

Gari likaacha lami, likakata kushoto. Kila kona ya njia ile Justa aliijua, na kila kona aliomba gari lipinde kwingine. Halikupinda. Lilisimama pale pale wao wawili waliposhikia njia ya miguu, na njia yenyewe sasa ilikuwa imefyekwa, pana, kama ya kwenda sokoni.

Chini ya mkuyu alisimama mwanamume amejitanda kaniki begani, mkononi ana usinga. Ukoo wao haukuwahi kuwa na usinga. Ilimchukua Justa muda kumtambua kaka yake mwenyewe, Faustin, mlinzi wa mahali pale tangu bibi alipofariki, ambaye siku zote huvaa jezi na kandambili. Faustin alikuwa amefungua mdomo kuwakaribisha wageni kwa sauti nzito ya kutengeneza. Alipomwona dada yake akitokea nyuma yao na kapu la sahani, sauti ilimkatikia.

"Karibuni," akamalizia kwa shida.

"Shikamoo, kaka," Justa akasema. Faustin hakuitikia. Alitazama chini.

Evarist akajaribu kuharakisha. Akasema mti huu ni wa zamani, wazee huja kuomba mvua, haya tuondoke kabla jua halijawa kali mlimani. Mwanamkasi akamshika mkono. "Kaka, usituibie. Tusimulie ya yule mama."

Pengine angeweza kukataa. Justa alimwona akitafuta pa kupitia, na moyoni alimwombea: kataa, kataa tu, sema umesahau. Evarist akaanza kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye mizizi.

"Wazee wetu walikuwa na desturi. Mama akifiwa na mtoto anayenyonya, haruhusiwi kulilia nyumbani. Analetwa hapa..."

Kadiri alivyosimulia ndivyo sauti ilivyompanda. Kipaji kikamshika. Akasahau nani yupo nyuma. Akaeleza nguo iliyoloa maziwa, na magoti yaliyopigwa penye jiwe lile. Akaigiza hata kile kilio, kile cha chini kwa chini ambacho Justa mwenyewe hakujua kama kilisikika, na alikiigiza vizuri, bila kukosea. Kisha akasema, "Yule mama akamwambia bibi yake aliye kuzimu: mnyonyeshe wewe huko."

Wanawake wa Temeke walikuwa wanalia. Faustin, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea, akasogea na kata ya maji. Mmoja mmoja wakainama, wakamwagia mizizi, wengine wakiwapiga picha. Pale chini palikuwa pamekanyagwa pakawa pagumu kama sakafu, na kwenye tawi la chini mtu alikuwa amefunga utepe wa zawadi.

Justa alisimama na kapu lake. Hakuhisi hasira, bado. Alihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta watu asiowajua wamelala kitandani mwake, nao wanamsalimia kwa upole.

Mwanamkasi alikuwa wa mwisho. Alikaa muda mrefu amepiga magoti, mabega yanatetemeka. Alipoinuka, uso umelowa, akamwona Justa peke yake pembeni, akamwonea huruma. Akamnyooshea kata.

"Njoo na wewe, dada mpishi. Mwagia kidogo. Kila mwanamke ana wake anayemlilia."

"Mimi nilishamwaga yangu, mama," Justa akasema.

Alisema taratibu tu. Lakini Mwanamkasi alikuwa mtu mzima. Akamtazama Justa, akamtazama Evarist aliyekuwa amepauka uso, akamtazama yule mwenye usinga. Kata ikamponyoka. Akawageukia wenzake akawaambia wafunge simu zao wote, waende garini, na asisikie mtu anauliza swali.

Mlimani walipanda kimya. Askari wa hifadhi alitangulia, njia inapinda kwenye miti mikubwa, mbega wanaruka juu, hakuna aliyewaonyesha kwa kidole. Justa angeweza kubaki chini getini. Alipanda kwa sababu alitaka kumkuta Evarist mahali ambapo hakuna chumba kingine cha kukimbilia.

Kule juu bonde lote lilikuwa wazi: miwa upande wa Kidatu, majaruba ya mpunga, reli, na mbali sana mto uking'aa. Wageni walikaa kwenye mawe wakiwa wamewapa mgongo. Evarist akaja akasimama karibu.

"Nilimwomba Faustin ruhusa," akasema.

"Pale ni pa Faustin. Nitasemezana naye. Mtoto naye ni wa Faustin?"

Evarist akatazama bonde. Kisha akasema, na Justa alijua kwamba hapa hakuwa anaigiza, "Nyumbani hutaki atajwe. Nguo zake umezificha, jina lake halisemwi. Mimi pia nilimzika, Justa. Siku ya kwanza ilinitoka tu mdomoni, mgeni mmoja aliniuliza habari za mti. Nikaona watu wanalia. Nikaona angalau kuna mahali watu wanamlilia mwanangu."

Maneno yale yalimwingia. Kama angeishia hapo, labda Justa angemshika mkono. Lakini alikumbuka simulizi yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, akaipitia tena kichwani.

"Jina lake hukulitaja," akasema. "Umesema 'mtoto'. Mimi umenifanya desturi ya wazee. Na baba mtu? Siku ile kulikuwa na baba amenishikia khanga, analia. Mbona kwenye hadithi yako hayupo? Mimi umenivua nguo mbele ya watu, wewe ukajifunika."

Evarist akageukia njia ya kuteremkia.

Walipoteremka, Justa akawapakulia wageni chakula getini, akahakikisha kila mtu ameshiba, akaosha sahani. Mwanamkasi akamsogelea. "Nisamehe, mwanangu. Wangu alikuwa wa miaka miwili. Sikujua."

"Wewe hukukosa, mama," Justa akajibu, na ilikuwa kweli. Wakakumbatiana. Noah ilipowashwa, Justa hakupanda. Alikuwa na shangazi yake pale Mang'ula, Frida, karibu na stesheni ya reli. Akaenda kwake na kapu lake, Evarist akabaki amesimama mlangoni mwa gari mpaka Mahmoud alipompigia honi.

Alikaa kwa shangazi mpaka mvua za kwanza. Faustin alikuja, safari hii amevaa jezi yake, akalia mbele ya wakubwa wa ukoo, na ukoo ukaamua pale mkuyuni asikanyage mgeni tena. Justa alikwenda siku moja kufagia. Alikuta vizibo vya chupa, akaviokota. Alijaribu kusema neno na bibi yake, neno halikuja, akarudi.

Evarist naye alikuja mara nyingi. Aliapa. Alisema ameifuta Kisawasawa katika safari zake, hadithi ile haitoki tena mdomoni mwake, aulizwe Mahmoud. Shangazi Frida akasema mwanamume asiyepiga wala kulewa si wa kutupwa kwa maneno tu. Baadaye Justa akarudi Ifakara, kwa sababu ndoa ilikuwa bado yake na nyumba ilikuwa bado yake, na kwa sababu kumpenda hakukuwa kumeisha.

Wanaishi. Anapika, wanakula sahani moja, Jumapili wanakwenda misa pamoja, na watu wanasema wamepatana. Evarist siku hizi ndiye anayeanza mazungumzo. Jioni moja Justa alikuwa anachambua mchele mlangoni, mikono ikasimama juu ya ungo, macho yakaenda mbali, kule milima inakoanza. Evarist akavuta kigoda akakaa karibu yake.

"Unawaza nini, mke wangu?" akauliza kwa upole.

Kulikuwa na mengi. Justa akashusha macho, akatoa punje ya changarawe, akaitupa uani.

"Nawaza mboga," akasema.